Mwaka Tulipomwita Mrumi

Mwalimu Baltazari tulimzika Jumamosi. Siku moja kabla, kwenye matanga, niliombwa kutafsiri nikakataa. Nilikuwa nimekaa uani kwao Turffontein kwenye kiti cha plastiki, sahani ya sombe, kisamvu cha Wakongo, magotini, akaja kijana mmoja wa kamati akachuchumaa mbele yangu. "Dada Neema, kuna wageni wa kampuni aliyokuwa akilinda marehemu, Kiswahili hawajui. Shika maikrofoni kidogo, utusaidie." Nikamwambia hapana. Akacheka, akadhani naringa. Nikamwambia hapana mara ya pili, na safari hii sauti ilinitoka vibaya, maana wamama waliokuwa wakimenya vitunguu kando ya ukuta waligeuka wote. Kijana akaondoka amenuna. Sombe ikanishinda. Uani pale walikuwepo watu watatu au wanne wanaojua kwa nini sitafsiri mbele ya watu, na hakuna aliyefungua mdomo kunitetea, wala sikutegemea. Usiku nilirudi nyumbani nikakaa na hasira, si kwa yule kijana, kwa Neema wa mwaka 2017, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akisomea ualimu kampasi ya Doornfontein na kujiona ana akili kuliko kanisa zima. Habari za kwetu siziweki hapa. Yatosha kujua kwamba mama ni Mtanzania, baba ni wa hapa hapa Johannesburg, na kwa hiyo nilikua na lugha tatu mdomoni wakati wenzangu wakihangaika na moja. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kanisa letu lilikuwa jumba lililokuwa zamani duka la magodoro, mitaa miwili kutoka uwanja wa mbio za farasi. Jumamosi tukifanya usafi tulimsikia mtangazaji wa mbio akipaza sauti kama mtu anayeungua, na wamama wakimwigiza huku wakipiga deki. Ndani kulikuwa na viti mia na ushee visivyofanana, jukwaa la mbao, chumba cha nyuma chenye jiko la gesi la mawe mawili, na kuta za rangi ya maziwa ambazo watu wenyewe walizipaka, pamoja na geti, wanawake kwa wanaume, wakati wa likizo ya Desemba wenye mji walipokuwa wameenda kwao. Wengi walikuwa Wakongo, nusu wa Bukavu na nusu wa Lubumbashi, halafu sisi wengine wachache, Watanzania, Warundi, Mkenya mmoja fundi simu. Ibada ilikuwa ya Kiswahili. Msomaji ambaye hajawahi kuishi mahali ambapo lugha yake husemwa kwa sauti ya chini ndani ya teksi hataelewa ilikuwa na maana gani. Wiki nzima watu walikaa wameminya midomo, kwenye foleni za vibali, saluni, malangoni walikolinda. Jumapili walikuja kusema.

Mwalimu Baltazari alikuwa mlinzi wa ghala moja Midrand, lakini kule Bukavu alifundisha Kilatini kwenye shule ya mapadri, enzi ambazo mtoto wa Bukavu alikula fimbo kwa kukosea Kilatini. Mtu mfupi, mkavu, sweta la kijivu majira yote, na miwani aliyoifunga kwa uzi mweusi. Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Alhamisi jioni alitufundisha vijana katika chumba cha nyuma. Tulianza na Biblia. Nyaraka kwa Wakorintho, kwa Wafilipi, kwa Wathesalonike. Siku moja mimi kwa kiherehere changu nikauliza, hivi hawa Wakorintho ni nani hasa, mbona wanagombana hivi? Mwalimu akavua miwani. "Binti yangu, Korintho ile ya Paulo ni mji uliojengwa upya. Ule wa kwanza Mrumi aliuchoma. Kaeni, niwaambie Mrumi aliingiaje Ugiriki." Tulikaa. Tukakaa hivyo mwaka mzima.

Nakumbuka Alhamisi ya mafagio. Ilikuwa Machi, jikoni kunachemka makayabo na nyumba nzima inanuka yule samaki wa chumvi, akatuamuru tuchukue kila kijiti kilichopo, mafagio, mopu, miti ya bendera za kwaya, tukasimama bega kwa bega katika safu mbili. Sisi tulikuwa Wamakedonia. Mikuki yao, alisema, ilikuwa mirefu kuliko chumba hiki, safu nyuma ya safu, na mtu akija mbele yao hakutani na mtu, anakutana na ncha. "Tembeeni!" Tukatembea ukumbini, tumeelekeza mafagio mbele, hakuna ambaye angetusogelea. Kisha akatupa viti vitano sita katikati ya sakafu, ovyo ovyo. "Haya, hiyo ni ardhi ya kweli, ina mawe. Tembeeni!" Tulipofika kwenye viti mmoja akapita kushoto, mwingine kulia, safu ikaachana, tukaanza kulaumiana, na Mwalimu, na ule ufupi wake, mwiko wa ugali mkononi, akapenya katikati yangu na jirani yangu akanigusa tumboni. "Umekufa, binti." Tulicheka mpaka mtu akaangusha bendera. Yeye hakucheka. Alisema Mrumi hakumshinda Mmakedonia kwa sababu alikuwa na nguvu zaidi. Alingoja waachane, akaingia pale penye nafasi, na mkuki mrefu haumsaidii mtu ambaye adui yuko tayari ndani ya mikono yake. Na kuhusu Wagiriki wenyewe alisema jambo ambalo niliandika kwenye daftari nikapigia mstari: kila mji ulimwogopa mgeni, lakini ulimchukia jirani, na chuki ndiyo iliyokuwa ikiamka mapema.

Nilipigia mstari. Sikuelewa kitu. Maana wakati huo huo kanisa letu lenyewe lilikuwa limeachana. Mchungaji alikuwa amepata makazi Kanada, akaondoka Januari na familia, na hakuacha neno la nani amrithi. Watu wa Bukavu wakamtaka mtu wao, watu wa Lubumbashi wakamtaka wao. Ugomvi ulianza na kwaya ipi itangulie kuimba, ukaja kwenye viti vya mbele, ukaja getini. Papa Bahati, mzee wa upande wa Bukavu, fundi cherehani, alinunua kufuli ya njano akalifunga geti. Papa Ilunga wa Lubumbashi, aliyekuwa na kibanda cha spea za magari, hakuikata ile kufuli. Alileta yake nyeusi akaifunga juu yake. Basi Jumapili ilikuwa lazima wafike wote wawili ndipo tuingie. Aprili kuna siku Papa Ilunga alichelewa kwa makusudi, kila mtu alijua ni kwa makusudi, tukasali kwenye lami na manyunyu yanatupiga, watoto wamefunikwa vitenge, huku wapita njia wanatuangalia na gari moja likapunguza mwendo na mtu wa ndani akasema maneno ambayo watoto wetu, wanaosikia Kizulu kuliko wazazi wao, waliyaelewa wote. Mwaka ule zilikuwepo wiki za mashambulizi dhidi ya wageni, ambazo watu walifunga maduka mapema na kushika simu mkononi. Hofu ilikuwepo, sisemi haikuwepo. Ndiyo maana nilipoambiwa niandike barua, sikuona ubaya.

Papa Ilunga ndiye aliyenijia kwanza. Kulikuwa na askofu mmoja huko Midrand, simtaji, mwenye kanisa kubwa, maegesho ya magari mia, na walinzi wake wenyewe wa sare za bluu. Papa Ilunga alitaka aje atuamulie. "Atatulinda pia," alisema. "Andika Kiingereza kizuri, weye uko na masomo." Nikaandika. Siku nne baadaye Papa Bahati akaniita kwenye duka lake la kushonea Doornfontein, akanipa soda, akafunga mlango. Alikuwa amesikia. Nikajua atanigombeza. Wapi! Alitaka na yeye barua yake, kwa askofu yule yule, aje aamue, maana haki ilikuwa upande wa Bukavu na mtu mkubwa angeiona. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaandika na ya pili. Sikumwambia huyu kuhusu ya yule. Nilijisikia mtu muhimu. Wazee wawili wasiosalimiana, na wote siri zao ziko kwenye kompyuta yangu.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza Mwalimu, nikitegemea atanisifu kwa busara. Alikuwa akinywa chai ya rangi, akaweka kikombe chini polepole. "Barua mbili? Kwa mtu mmoja?" Nikasema ndiyo, Mwalimu, ili apate picha kamili. "Mon Dieu. Unajua Wagiriki walipeleka mabalozi wangapi Roma? Kila mji wa kwake. Wanakutana mlangoni mwa baraza, huyu anatoka kumshitaki yule anayeingia. Mrumi hakuhitaji majasusi, binti. Waliokuja kumwomba msaada walimwambia kila kitu." Akaniomba nizifute. Nikamwambia zimekwenda. Akaiacha chai ikapoe, akaenda zake kumwona Papa Bahati, na kesho yake Papa Ilunga, na wote wakamwambia neno lile lile, kwamba afadhali askofu kuliko wale.

Askofu alikuja Juni, Jumapili ya baridi kali, magari matatu, walinzi wanane. Wamama walikuwa wamepika tangu alfajiri. Nilipoingia jikoni kuchukua maji nilimsikia Mama Josefina, mjane wa Bukavu aliyeongoza wapishi, akimwambia mwenzake wa Lubumbashi, "Leo tunapatana, dada, leta hiyo kuku hapa karibu," na kuna mmoja alikuwa analia kwenye moshi akisingizia vitunguu. Kufuli mbili zilikuwa zimekatwa asubuhi ile mbele ya wote, wakaweka moja mpya, kubwa. Sasa hapa ndipo panapotaka mtu aelewe desturi. Kule walikotoka, mgeni mkubwa akija kupatanisha kanisa, hupewa ufunguo wa mlango kwenye sahani iliyotandikwa kitenge. Anaupokea, anauombea, anaurudisha kwa wazee wote wawili waushike pamoja. Hakuna anayelieleza jambo hilo kwa mdomo, kwa sababu kila mtu analijua, kama vile hakuna anayekueleza kwamba ukipewa maji ya kunawa hunywi. Wakaamua nibebe mimi sahani, kwa kuwa si wa Bukavu wala wa Lubumbashi.

Askofu alisema vizuri, lazima niseme kweli. Alisema nami nikatafsiri, hatua moja nyuma yake, maikrofoni mkononi. Hapa hakuna atakayemtawala mwenzake. Bukavu watasali saa mbili, Lubumbashi saa tano. Hamtatozwa kitu, walinzi wangu watakaa getini, ninyi ni watu huru. Nilipofikisha neno huru watu waliinuka, jamani, vigelegele, viti vikaanguka, Papa Bahati akamkumbatia Papa Ilunga kwa nusu sekunde. Nikapiga magoti na sahani. Askofu akachukua ufunguo, akauangalia, akafumba macho akaomba, akafumbua. Akautia mfukoni. Akanipiga piga begani, akasema ahsante kwa kutuamini, akashuka jukwaani kwenda kula.

Nilibaki nimepiga magoti na sahani tupu. Nilimwangalia Papa Ilunga. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Papa Bahati alikohoa. Watu wote waliona, naapa waliona wote, vile vigelegele vilikatika kama bomba limefungwa, kisha mtu mmoja akaanzisha wimbo ili aibu ipite. Wakati wa chakula Mwalimu alizunguka meza hadi meza na sahani yake ambayo hakuila, akiwainamia wazee. Nilikuwa napeleka maji kwa wageni, nikamsikia. "Muombeni sasa. Sasa hivi, huku anacheka. Kesho itakuwa ni ugomvi, leo ni kusahau tu." Papa Ilunga alisema si adabu kumdai mgeni akiwa mezani. Papa Bahati alisema, na nilisikia kwa masikio yangu, "Wacha akae nao yeye. Ukirudi, utarudi kwa nani?" Mwalimu akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na Kiingereza. Nilikuwa na jagi la maji nimesimama ubavuni mwa askofu, ningesema kwa utani tu, Baba, ufunguo wetu, na pengine angecheka akautoa, maana mpaka leo sina uhakika kama alifanya kusudi au hakujua. Nikamwongezea maji.

Alhamisi ile darasa lilijaa. Mwalimu alitusimulia michezo mikubwa karibu na Korintho, baada ya Mrumi kumpiga mfalme wa Makedonia. Mpiga mbiu akasimama akatangaza kwamba miji ya Wagiriki iko huru, haitalipa kodi, haitawekewa askari. Watu hawakuamini masikio yao, wakamtaka arudie. Akarudia. Ikapigwa kelele ambayo husimuliwa kwamba ndege waliokuwa wakiruka walianguka. Hakuna aliyegusa andazi. "Swali moja," akasema. "Siku hiyo hiyo ya shangwe, kwenye ngome ya juu ya mji wa Korintho, walikuwa wamekaa askari wa nani?" Nikasema, wa Kirumi. "Wa Kirumi. Sasa nisiwadanganye, waliondoka. Miaka miwili baadaye waliondoka kweli, hata mmoja hakubaki. Lakini njia walikuwa wameijua, na waliowaita mara ya kwanza waliwaita tena." Kijana mmoja akauliza kama ina maana askofu ni Mrumi. Mwalimu akamwambia aache utoto, askofu ni mtu wa Mungu mwenye mifuko mikubwa. Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Julai walinzi wa bluu walikuwa wakitufungulia wao. Walikuwa vijana wapole, wanasema "sharp, mama" na kubeba masufuria. Mtaa ulitulia, hakuna gari lililopunguza mwendo tena, na watu walishukuru, mimi pia. Agosti wazee wanne, wawili wa kila upande, waliitwa Midrand kwa mafunzo ya uongozi ya wiki mbili. Wakapewa makoti na viti vya mbele. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa kwamba Papa Bahati na Papa Ilunga wanasali huko, wamekaa kiti na kiti, wamepatana kabisa, na sisi huku hatuna mzee hata mmoja. Mwalimu alikuwa amefika kwenye habari ya wale Wagiriki elfu moja. Baada ya vita vya tatu na Makedonia, Roma iliwaita viongozi elfu moja wa mkoa mmoja wa Ugiriki waende Italia kuhojiwa. Hawakuhojiwa. Walikaa miaka zaidi ya kumi na sita, na waliporuhusiwa kurudi hawakutimia mia tatu. Mmoja wao, alisema, alikaa vizuri sana, akawa rafiki wa nyumba kubwa za Roma, akaandika historia yao. "Alikuwa msaliti?" nikauliza. Aliniangalia juu ya miwani. "Hapana. Alikuwa anajua lugha."

Aliyasema bila ubaya, lakini yalinichoma, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshapewa beji. Mkalimani, imeandikwa jina langu. Gari lilinichukua kwenye robot, taa za barabarani, ya kona ya kwetu Jumapili asubuhi. Askofu aliniita binti yangu mbele ya watu, na wamama walionisalimia zamani kwa kunivuta shavu sasa walinisalimia kwa mikono miwili. Nilipenda. Naandika hivi nikiwa na watoto wangu mwenyewe na bado naona haya jinsi nilivyopenda. Saa za ibada zilikuwa zimebadilika kimya kimya. Za Kiswahili mbili zilikuwa zimefanywa moja, ya saa moja asubuhi, dakika arobaini na tano, kisha watu wanatoka kupisha ya Kiingereza. Mama Josefina alilalamika kwamba mahubiri yanaisha hajakaa vizuri. Nikamwambia avumilie, Mama, mambo yanapangwa.

Jumapili ya mwisho ya Septemba msaidizi wa askofu alinipa karatasi katika chumba cha nyuma, dakika tano kabla ya kupanda. Mistari sita. Nilisoma nimesimama kando ya jiko la gesi. Kuanzia Jumapili ijayo ibada ya Kiswahili inakoma. Ibada itakuwa moja, saa nne, Kiingereza, na wote wanakaribishwa. Chumba cha nyuma kitakuwa ofisi. Nikamwuliza msaidizi kama wazee wanajua. Akasema wamekubali, wako Midrand. Nikauliza kama inaweza kungoja. Akanitazama kwa mshangao, akasema sisi ni familia moja, Neema, utawaambia kwa namna yako. Mwalimu alikuwa zamu ghalani kwake siku ile. Jumapili moja kati ya mbili alilinda. Angekuwepo nisingethubutu. Kiingereza alikijua vizuri, na angeinuka.

Nilipanda. Ukumbi umejaa, wamevaa, watoto wamepakwa mafuta. Askofu akasoma mstari kwa mstari na sauti yake nzuri, akaninyooshea mkono. Na mimi nikasema: "Ndugu zangu, kuanzia Jumapili ijayo tunakuwa kanisa moja, sauti moja. Hakuna tena Bukavu na Lubumbashi. Baba Askofu anatuleta karibu zaidi." Nikaishia hapo. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno, nayajua maneno yale kuliko jina langu. Nilijiambia nitawaeleza mengine taratibu, mmoja mmoja, nje, yasiwaume kwa pamoja. Uongo. Niliogopa nyuso zao. Mama Josefina, ambaye mwaka mzima alikuwa akiomba waache kugombana, akasimama akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, rudia, dada! Nikarudia. Makofi yakazidi. Askofu alimgeukia msaidizi wake, nami nikiwa katikati yao nikasikia: "You see? They are happy." Geti lilikuwa wazi, watu walikuwa zaidi ya mia, na kama ningewaambia wangekataa pale pale, naye angelazimika kusikia. Badala yake alipata makofi, na aliondoka nayo.

Jioni Mwalimu alinipigia. Walikuwa wameshamsimulia, kwa furaha. Nyuma yake nilisikia malori ya ghala yakirudi nyuma, ile milio. "Nasikia tumekuwa kanisa moja," akasema. "Unayo karatasi? Nisomee Kiingereza chenyewe." Nilikuwa nayo. Nikamsomea mistari yote sita. Nilikuwa nangoja matusi, ningeyapokea. "Eish, Neema," akasema tu, na hakuwahi kusema eish, mguno wa watu wa Johannesburg, maishani mwake, alikuwa akiwacheka wanaosema. Kisha: "Mimi umeniambia. Jumapili utawaambia na wao. Getini, mmoja mmoja, wakiwa wanakuja. Nitaomba ruhusa kazini, nitakaa nawe." Nilimwuliza kama tupige simu tuwaambie wasije. Akasema hapana, wana haki ya kufika.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa kwenye lami ya Turffontein, yeye kwenye kiti cha plastiki alichobeba mwenyewe, mimi nimesimama bila beji. Geti limefungwa mpaka saa nne. Kijana wa bluu alikuwa ndani, anaota jua. Walikuja kwa familia, kama siku zote, na kila familia nikaisimamisha nikaiambia yote sita, kwa Kiswahili kinyoofu, na kwamba niliyajua wiki iliyopita, na kwamba niliyaficha. Baba mmoja alitema mate chini akaondoka. Wengine walimwangalia Mwalimu athibitishe, naye akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Kuna waliosema basi tungoje saa nne, Mungu ni yule yule. Kuna mwanamke alinishika mkono akasema hukufanya kusudi, na hilo lilikuwa baya kuliko mate. Hakuna niliyemwona akilia. Walisimama tu kandokando ya barabara, wa Bukavu na wa Lubumbashi wamechanganyika, hawana cha kugombania.

Mama Josefina alifika karibu saa moja, amebeba sufuria kubwa iliyofungwa kwa kitambaa, maana ilikuwa zamu yake ya chakula. Nikamwambia. Alisikiliza yote, jasho linamtoka, hakuitua sufuria. Aliponiuliza hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Sasa mie, Jumapili ile, nilikuwa napiga makofi ya nini?"

Alinipa sufuria nimshikie, ya moto, akarekebisha kitenge chake, akaenda mpaka kwenye lile geti alilolipaka rangi kwa mkono wake. Akagonga kwa ufunguo wa nyumba yake. "Hodi!" akaita. "Hodi humo ndani!" Kijana wa bluu akainua kichwa, akatabasamu kwa adabu, akangoja asemeshwe kwa lugha anayoijua. Mama Josefina akaita mara ya tatu, na hapakuwa na mtu yeyote ndani aliyejua kujibu "karibu".